Aliyemkata ng'ombe mguu hakutaka nyama

Ndugu msomaji, naanza na ng'ombe mmoja ambaye hayupo tena. Alikuwa wa mama mmoja jirani yangu, upande huu wa Rusumo, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka darajani. Alikuwa chotara wa Friziani, mweusi mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, na alikuwa na mimba ya miezi saba. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, mama alikwenda bandani na ndoo ya maji akamkuta amelala ubavu, miguu ya nyuma ameinyoosha kama mtu aliyechoka. Akamwita. Ng'ombe akajaribu kunyanyuka kwa miguu ya mbele, akashindwa. Ndipo mama alipoona damu kwenye majani ya kulalia. Kano za nyuma, zile zinazoshika kisigino, zilikuwa zimekatwa zote mbili. Panga kali, pigo moja kila mguu.

Anayefahamu ng'ombe anajua kwamba hapo hakuna tiba. Mnyama mzito kiasi kile asipoweza kusimama huoza ubavu anaolalia, na mwisho hufa. Saa nne asubuhi mwenye bucha alikuwa amekwisha fika, na mpaka leo hakuna anayesema ni nani aliyempigia simu. Saa saba mchana nyama ilikuwa inapimwa. Ndama alitolewa tumboni akatupwa shimoni. Alikuwa jike.

Jioni ile ile kikao kiliitwa chini ya mparachichi. Mtuhumiwa hakuhitaji kutafutwa sana. Ni kijana wa jirani, waliyekuwa wakigombania ukingo wa matete ya malisho kwenye mpaka wa mashamba yao, na wiki mbili kabla alikuwa amesema mbele ya watu kwamba mama huyo atakuja kuchunga mawe. Hakukana kwa nguvu. Baba yake aliomba yaishe nyumbani. Bei ya ng'ombe ilikadiriwa kuwa faranga 700,000. Bucha ilikuwa imetoa 220,000, zikabaki 480,000. Wazee wakapunguza kwa kuwa kijana hana kazi, wakatua kwenye 250,000, zilipwe kwa awamu mbili. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokaa pale, na haya nayaandika kwa aibu, kwa sababu nilikuwa wa kwanza kusema, "Mama, pokea, yaishe."

Mama alizihesabu zile za awamu ya kwanza, akazifunga kwenye pindo la kanga. Halafu akaniuliza, bila hasira, "Mwanangu, huyu alitaka nini kwa ng'ombe wangu? Nyama hakuchukua hata kilo."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nataka tulijadili, hasa ninyi mliorudi nyumbani kutoka Karagwe, Ngara, Mbarara au Masisi, na ninyi mnaovuka mpaka kila wiki na mifugo, ngozi na maziwa. Najua wengi wenu mmewahi kukaa katika kikao kama kile. Baadhi yenu mmewahi kuwa wenye ng'ombe.

Kabla ya kurudi mwaka 1996 nilifanya kazi ya ukarani katika mahakama ya mwanzo huko Karagwe, na majalada ya kesi za ng'ombe yalipita mengi mikononi mwangu. Kwa hiyo nianze na sheria ninayoifahamu zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 325, inasema kwamba mtu anayeua, kulemaza au kujeruhi kwa makusudi na kinyume cha sheria mnyama anayeweza kuibwa, ametenda kosa la jinai. Maneno ya aina hiyo yamo pia katika kanuni za Kenya na Uganda, kwa kuwa zote tatu zina ukoo mmoja, nazo ziliingia huku kwetu mwaka 1930 wakati wa Mwingereza.

Ukiyasoma haraka maneno hayo yanapita. Hebu yasome tena: "mnyama anayeweza kuibwa." Yaani sheria haimwangalii ng'ombe kama kiumbe anayeumia, wala haimwangalii mama aliyeamka akakuta damu. Inaangalia mali. Swala wa porini hayumo kwa sababu hana mwenyewe. Ng'ombe yumo kwa sababu ana mwenyewe, na aliyeguswa ni yule mwenyewe. Mimi sioni ubaya katika hilo. Ubaya ni kwamba tukishasema "mali" tunadhani tumemaliza, na kinachobaki ni kuuliza bei.

Walioitunga sheria hii mwanzoni hawakufikiri hivyo hata kidogo. Mwaka 1723 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ambayo watu waliiita Sheria ya Weusi, kwa kuwa wahalifu waliolengwa walikuwa wakijipaka masizi usoni wasitambulike. Ndani yake, kumlemaza ng'ombe wa mtu kwa nia mbaya kulikuwa kosa la kunyongwa. Kunyongwa, ndugu msomaji, kwa sababu ya ng'ombe! Baadaye wakapunguza, na sheria yao ya 1861 ikaweka kifungo cha hadi miaka 14. Je, wale mabwana waliwapenda ng'ombe kiasi hicho? La. Waliogopa. Walikuwa wameshaona kule Ireland, katika jimbo la Connacht, mwaka 1711 na 1712, jinsi wanakijiji walionyang'anywa mashamba ili wapishe malisho walivyoingia usiku kwenye maboma ya matajiri na kuwakata kano ng'ombe na kondoo kwa maelfu. Kano zile zile alizokatwa ng'ombe wa mama. Hawakuiba hata mmoja. Tajiri alipoamka akaona zizi lake, alielewa ujumbe bila kusomewa.

Hata huku kwetu yametokea. Septemba 1952, wiki chache kabla ya kutangazwa kwa Hali ya Hatari nchini Kenya, mifugo ya walowezi kwenye mashamba ya kuelekea Mlima Kenya ilikatwakatwa kwa mamia. Serikali ya kikoloni haikuita kikao cha wazee kukadiria bei. Ilijua inaambiwa nini.

Nawataja hao si kwa kuwasifu. Sheria ile ilitungwa na wenye ng'ombe wengi kwa ajili ya ng'ombe wao wengi. Lakini walielewa jambo moja ambalo sisi tumelisahau chini ya mparachichi: kwamba anayemkata ng'ombe mguu na kumwacha pale pale hatafuti nyama. Anamwambia mwenye ng'ombe kwamba usiku nilikuwa hapa, hatua kumi kutoka mlangoni pako, nikiwa na panga, na wewe ulikuwa umelala.

Hilo ndilo jibu ambalo ningempa mama kama ningekuwa na akili siku ile.

Sasa tazama jinsi tunavyopima makosa yetu. Mwizi wa ng'ombe tunamkimbiza kwa filimbi na rungu mpaka mtoni. Tanzania ilipotunga Sheria ya Adhabu za Chini mwaka 1972, wizi wa mifugo ulikuwa miongoni mwa makosa ambayo hakimu hakuruhusiwa kuyaonea huruma chini ya kiwango kilichowekwa. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikutana Kampala mwaka 2008 zikaweka itifaki nzima ya kupambana na wizi wa mifugo, na polisi wanaifahamu. Ni sawa, wizi ni janga. Lakini ng'ombe aliyeibwa yuko hai mahali fulani. Anaweza kupatikana kwenye mnada, alama yake ikatambuliwa, akarudi. Aliyekatwa kano harudi. Na huyu ndiye tunayemalizana naye kwa awamu mbili.

Upande wetu wa mto mzizi wa sheria ni mwingine. Sisi, Burundi na Kongo tulirithi kwa Mbelgiji. Kanuni ya Adhabu ya Ubelgiji ya 1867 iliwatenga waliowawekea sumu farasi, ng'ombe, kondoo, mbuzi na nguruwe wa watu, ikawapa kifungo cha miezi 3 hadi miaka 2. Kwa aliyemuua mnyama bila sababu ya lazima, ikauliza: amemuulia wapi? Kama ni mahali pa mwenye mnyama, mwezi mmoja hadi miezi sita. Kama ni kwenye shamba la huyo muuaji mwenyewe, adhabu inashuka. Rwanda imekuwa na kanuni zake yenyewe, ya 1977, ya 2012 na ya 2018, na kumjeruhi au kumuua mnyama wa mwenzako kwa makusudi kumebaki kosa la jinai. Nasisitiza neno jinai. Hata abunzi, wapatanishi wetu ambao nawaheshimu sana, tangu sheria yao ya 2016 kazi yao ni madai, si jinai. Kikao chetu chini ya mparachichi hakikuwa hata cha abunzi. Kilikuwa cha majirani waliochoka wanaotaka kwenda kula.

Lile swali la Mbelgiji la "wapi" nalipenda, nami nitalirudia mbele, kwa sababu linagusa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kwanza niseme kuhusu nchi hii.

Katika Rwanda mtu anaweza kukusalimia kwa kukutakia makundi ya ng'ombe, "Amashyo," nawe ukamjibu "Amashongore," na wote wawili hamna hata mbuzi. Mwaka 1994 ng'ombe waliuawa pamoja na wenye ng'ombe, na wazee wanaokumbuka miaka ya nyuma, kuanzia 1959, wanasimulia kwamba mara nyingi ng'ombe walitangulia: wakiliwa ng'ombe wa mtu mchana, alijua usiku wake hauko mbali. Ndiyo maana karibu kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wapelelezi hutoa taarifa za manusura waliokatiwa ng'ombe au kufyekewa migomba, na serikali haichukulii kama ugomvi wa malisho. Sheria ya 2018 kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari inaufanya ukatili dhidi ya manusura kuwa kosa la pekee. Nakubaliana nayo kwa moyo wote.

Lakini hapa nina hoja na naomba nisieleweke vibaya. Kama tunakubali kwamba mwezi wa Aprili mkato wa panga kwenye mguu wa ng'ombe unasema kitu, mwezi wa pili umekuwa bubu? Jirani yangu si manusura kwa maana ya sheria ile. Ni mmoja wa wale walioondolewa Kagera mwaka 2013 wakati wa Operesheni Kimbunga. Alivuka Rusumo na watoto wawili na godoro. Ng'ombe kumi na mmoja walibaki ng'ambo, na mpaka leo anawataja kwa majina. Tulipompokea tulimwambia methali tuliyotoka nayo huko huko, kwamba ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Akacheka, akasema yeye karudi bila ng'ombe wala zizi. Miaka kadhaa baadaye akapata ng'ombe wa Girinka. Huyo ndiye aliyekatwa.

Na Girinka ndiyo inayoonyesha jinsi hesabu yetu ya jioni ile ilivyokuwa ya kijinga. Wasomaji wa ng'ambo huenda hawaufahamu mpango huu, basi niueleze kidogo. Ulianza mwaka 2006. Familia maskini inapewa ng'ombe, na ndama jike wa kwanza anayezaliwa hampi mtu mwingine nafasi ya kumuuza: anakwenda kwa jirani mwingine aliye kwenye orodha. Tunaita kwitura, kurudisha fadhila. Zaidi ya ng'ombe laki nne wametolewa hivyo. Yule ndama aliyetupwa shimoni, kwa hiyo, hakuwa wa mama. Alikwisha kuwa na mwenyewe, mwanamke mwenye ulemavu wa mkono anayekaa mtaa wa pili, ambaye alikuwa amepanda matete yake miezi mitano mapema akimsubiri. Alikuja siku ya tatu kuuliza kama ni kweli. Hakuna aliyemwita kwenye kikao. Hakuna aliyemhesabia hata faranga moja.

Tulihesabu nini basi? Tulihesabu nyama, tukaongeza kidogo. Hatukuhesabu maziwa ambayo yangeanza baada ya miezi miwili, lita kadhaa kila siku kwa karibu mwaka mzima, nusu ya watoto na nusu ya kuuza. Hatukuhesabu samadi, na kila mwenye migomba anajua samadi ni nini. Waingereza walipotunga Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1860, ambayo ilitumika pia Kenya na Uganda kabla ya 1930 na India kwenyewe imedumu mpaka 2024, waliweka viwango vya rupia: mnyama wa rupia kumi adhabu hii, wa rupia hamsini adhabu ile. Walipofika kwa ng'ombe, ngamia, tembo na farasi wakaandika kwamba kifungo ni hadi miaka 5 bila kujali bei yake. Karani yule aliyeandika "bila kujali bei" angetufaa sana jioni ile.

Nije kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote, nalo ni la kawaida kiasi kwamba hatulioni. Ushahidi wetu tunaula.

Fikiria mtu amechomwa kisu, na kabla polisi hawajafika tunamzika, tunafua nguo zake, kisu tunakitumia kukatia vitunguu. Ndivyo tunavyofanya kwa ng'ombe. Mnyama amekatwa saa nane za usiku, kukicha, kitu cha kwanza watu wanachosema ni "wahini kabla hajafa." Nafahamu sababu. Kibudu hakiliwi, wala kwa Waislamu wala kwa Wakristo wengi, na faranga 220,000 si mchezo kwa mjane. Lakini ifikapo jioni hakuna jeraha, hakuna miguu, hakuna ngozi, na aliyekata anaweza kusema ng'ombe alijikata kwenye bati la banda. Mwendesha mashtaka atapeleka nini mahakamani? Mchuzi?

Wala hakuna haja ya mnyama kuteseka siku nzima. Siku hizi kila nyumba ya tatu ina simu yenye kamera. Piga picha ya jeraha kwa karibu na kwa mbali, pamoja na uso wa ng'ombe na hereni ya sikio yenye namba. Mpigie ofisa mifugo wa sekta aje aandike kwa mkono wake kwamba kano zimekatwa na kitu chenye makali, pande zote mbili, na kwamba alikuwa na mimba ya miezi kadhaa. Waite polisi au wapelelezi wa RIB kabla ya mwenye bucha. Kisha achinjwe. Miguu ya nyuma iwekwe kando, isiuzwe siku hiyo. Saa tatu au nne zinatosha kwa yote hayo.

Na huyo mwenye bucha tumtazame vizuri. Mtu anayenunua ng'ombe wa laki saba kwa laki mbili na ishirini ana faida katika mkasa huu, hata kama hana hatia. Kwa mtazamo wangu, bucha yoyote isiruhusiwe kumpokea ng'ombe mwenye jeraha la panga bila barua ya ofisa mifugo inayosema jeraha limeonwa na limeandikwa. Tunadai barua ya kumsafirisha ng'ombe kutoka sekta moja kwenda nyingine. Kwa nini tusidai hii?

Wafanyabiashara mnanielewa. Niliwahi kulala kwenye boma la kukodi karibu na mnada, ng'ambo, na mwenzangu alikuwa na mafahali sita wa kuuza kesho yake. Usiku mmoja wao alichomwa mkuki wa tumbo. Alfajiri, kabla hatujanawa uso, akatokea mnunuzi mwenye pole nyingi na bei ndogo. Mwenzangu aliuza, kwa sababu mgeni asiye na ndugu pale angefanya nini? Tulipouliza kwenye ofisi ya karibu tukaambiwa kama tunataka kesi tubaki wiki mbili. Vibali vyetu vilikuwa vya siku tatu. Aliyechoma alijua vibali vyetu vina siku ngapi kuliko tulivyojua wenyewe. Na angekuwa upande huu, kuvuka Akagera usiku ni kazi ya robo saa. Akishafika ng'ambo, anabaki hadithi. Itifaki ile ya 2008 ni ya wizi. Ningependa wakuu wetu wa polisi waisome upya na kuongeza aliyekata, aliyechoma na aliyeweka sumu, ili afuatwe kuvuka mpaka kama anavyofuatwa mwizi.

Nisiwasahaulishe pia neno lile jingine la sheria, "kinyume cha sheria." Linamaanisha kwamba dola ikimuua mnyama wako kwa sheria yake, hakuna kosa. Oktoba 2017 pale Namanga vifaranga 6,400 walioingia Tanzania kutoka Kenya bila kibali waliteketezwa kwa moto wakiwa hai, na mwezi huo huo ng'ombe zaidi ya elfu moja na mia tatu wa wafugaji kutoka Kenya walipigwa mnada. Serikali ilisema inazuia magonjwa na inalinda mpaka. Mimi nilidhani, na bado nadhani, kwamba ipo njia ya kuzuia mafua ya ndege bila kuchoma viumbe hai mbele ya kamera. Lakini mfanyabiashara asiye na cheti cha afya ya mifugo asitegemee kifungu cha 325 kumlinda. Cheti kwanza.

Sasa lile swali la "wapi." Sitakuwa mkweli nikiacha wasomaji wakidhani kila anayemkata ng'ombe ni shetani aliyeamka na panga. Mara nyingi ng'ombe alianza yeye. Aliingia kwenye mahindi yaliyokuwa na wiki mbili kuvunwa, na mchungaji alikuwa amelala, au hakuwa amelala. Mkulima alilalamika, akaambiwa subiri. Akalalamika tena, akaona mfugaji anakunywa soda na kiongozi. Siku ya tatu akachukua panga. Huko Kilosa, mkoani Morogoro, ugomvi wa namna hiyo ulizaa kisa cha Rudewa Mbuyuni Desemba 2000, watu 38 wakapoteza maisha. Kwa hiyo mahakama iulize: amemkata wapi? Aliyemjeruhi ng'ombe katikati ya mahindi yake mwenyewe mchana kweupe kwa hasira, ana kosa, lakini si sawa na aliyevuka ua wa mtu usiku akafungua banda. Na mfugaji alipe mahindi, alipe haraka, bila kungoja asukumwe. Nimewahi kuwa mfugaji, najua jinsi tunavyochelewesha.

Lakini ng'ombe wa mama hakuwahi kutoka bandani. Sisi huku tunafugia ndani, majani tunakata na kuwapelekea. Aliyemkata alimfuata kwake.

Awamu ya pili ya fedha haijalipwa. Kijana yupo, tunasalimiana. Mama aliuza sufuria moja kubwa na kuongeza kwenye zile za kwanza akanunua mbuzi wawili, nao wanalala ndani, chumba kimoja na wajukuu, na yeye analala karibu na mlango. Nilikwenda mwezi uliopita kumwambia kwamba tunaweza bado kuipeleka ile kesi, kwamba mimi nitasimama kama shahidi na kusema pia yale niliyoyasema chini ya mparachichi. Hakunijibu. Akaniambia wamekuja watu wa sekta, wanataka kumrudisha kwenye orodha ya Girinka, ampate mwingine kabla ya mwaka kuisha. Nikampa hongera.

"Nimewaambia wangoje," alisema. "Nimewaomba mlango wa bati kwanza, na kufuli."

Aliniomba nimsaidie kuandika barua ya hilo ombi. Tumeiandika, imekwenda.